Wakulima wa cheri wajikata senti kulipia utafiti na soko

MWAKA 2011 wakulima wa matunda wa Jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, waliitwa kupiga kura juu ya fedha zao wenyewe. Waliulizwa kama wako tayari kukatwa kiasi cha nyongeza katika mauzo yao, ili fedha hizo zijenge mfuko wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Wakulima wa tufaha na peasi walikubali. Wakulima wa cheri na matunda mengine ya kokwa walikataa.

Miaka miwili baadaye, 2013, swali hilo lilirudishwa kwa wakulima wa cheri. Safari hii walikubali kukatwa dola 4 kwa kila tani.

Kwa mtazamo wa mfanyabiashara, kiasi hicho si kikubwa. Tani ya Marekani ina ratili 2,000, na kasha la kawaida la cheri lina ratili 20, yaani kama kilo 9. Tani moja basi ni makasha 100, na dola 4 zikigawanywa humo zinakuwa senti 4 kwa kasha. Hata hivyo senti hizo zikijumlishwa kwa wakulima wote wa cheri na matunda ya kokwa, na kwa miaka kadhaa, zilitarajiwa kufikia dola milioni 5. Zikiongezwa kwenye dola milioni 27 za wakulima wa tufaha na peasi, mfuko mzima ulikuwa wa dola milioni 32.

Watu walewale walikataa senti 4 mwaka 2011 na kuzikubali mwaka 2013. Kisa hicho kinaeleza vizuri kuliko vitabu vingi jinsi tozo ya wakulima inavyofanya kazi, na kwa nini wakati mwingine haifanyi.

Tunda lisilosubiri

Cheri inayozungumzwa hapa si buni mbivu ya kahawa, ambayo wakulima wengi wa Afrika Mashariki nao huiita cheri. Hili ni tunda dogo la nchi za baridi, lenye kokwa moja, jekundu au jeusi likiiva, ambalo huliwa bichi kama zabibu. Kaskazini magharibi mwa Marekani huchumwa kwa mkono, hasa kati ya Juni na Agosti, na likishachumwa huhesabiwa siku, si wiki.

Mvua ikinyesha tunda likiwa limekaribia kuiva, ngozi yake hupasuka na bei yake huisha. Ndiyo maana wapo wakulima wanaokodi helikopta ziruke juu ya mashamba, upepo wake ukaushe maji kwenye matunda. Gharama ya namna hiyo mkulima huilipa mwenyewe, kwa sababu helikopta inakausha shamba lake na si la jirani.

Utafiti ni jambo jingine. Mkulima mmoja akilipia uchunguzi wa wadudu, majibu yakipatikana jirani naye atayatumia bila kulipa chochote. Matangazo ni vivyo hivyo. Mkulima akitangaza kwamba cheri ni tamu, mnunuzi aliyeshawishika anaweza kwenda kununua ya mtu mwingine. Kila mmoja hupendelea mwenzake alipe, na mwisho wake hakuna anayelipa. Tozo ya lazima inakuja kuwazuia wadandiaji: kila anayepanda gari alipe nauli.

Fedha inavyokusanywa

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mkulima hatembei na bahasha kwenda ofisi yoyote. Anayekata ni yule anayepokea mzigo, yaani kiwanda cha kufungasha au mnunuzi wa kwanza. Hukata kulingana na uzito, akapeleka fedha kwenye chombo kilichowekwa na sheria.

Katika Jimbo la Washington chombo cha soko ni Tume ya Matunda ya jimbo hilo, iliyoanzishwa mwaka 1947. Sokoni hujulikana zaidi kwa jina la Northwest Cherry Growers, na jina hilo linabeba cheri za majimbo matano: Washington, Oregon, Idaho, Utah na Montana. Utafiti una tume yake ya pekee, iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo nayo huendeshwa kwa makato ya wakulima.

Australia imechagua njia tofauti kidogo. Huko tozo ya cheri ni senti 7 za dola ya nchi hiyo kwa kilo, na hukusanywa na wizara ya kilimo ya serikali kuu. Mkulima aliyeuza kilo 10,000 anachangia dola 700. Fedha zikishakusanywa, sehemu kubwa hukabidhiwa kampuni ya Hort Innovation, ambayo wanachama wake ni wakulima wenyewe wanaolipa tozo. Kampuni hiyo ilichukua nafasi ya Horticulture Australia mwaka 2014.

Kivutio cha mfumo wa Australia ni mchango wa serikali. Kwa kila dola ya tozo inayotumika kwa utafiti, serikali huongeza dola nyingine, mradi isivuke nusu ya asilimia moja ya thamani ya mazao ya sekta. Kwa upande wa matangazo serikali haichangii kitu. Hoja yake ni kwamba utafiti unafaidisha taifa zima, lakini tangazo linamfaidisha muuzaji.

Mwekezaji mdogo ataelewa mara moja maana ya jambo hilo. Dola ya utafiti inaingia ikiwa moja na kufanya kazi ya mbili. Dola ya matangazo inabaki moja.

Soko hulipa haraka

Hata hivyo dola ya matangazo ina sifa yake: matokeo yake yanaonekana msimu uleule.

Mwaka 2009 majimbo hayo matano ya Marekani yalivuna zaidi ya makasha milioni 20, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Mzigo ulifurika sokoni kwa wakati mmoja, bei zikaporomoka, na matunda mengine yakaachwa mtini kwa sababu gharama ya kuchuma ilizidi bei. Kumbukumbu ya msimu huo ilikuwa bado mbichi wakati kura ya 2011 inapigwa.

Mwaka 2017 mavuno yalizidi makasha milioni 26. Katika mazingira hayo kazi ya tume ya soko ni ya kila siku: kuwaeleza wenye maduka makubwa lini mzigo utashuka kwa wingi, kuwashawishi watenge nafasi mapema, na kutafuta wateja ng'ambo ambao watapunguza shinikizo la soko la ndani. Japani, kwa mfano, ilifungua mlango kwa cheri za Marekani mwaka 1978, kwa masharti makali ya kuzuia wadudu. Masharti ya namna hiyo hayawezi kutimizwa na mkulima mmoja mmoja. Yanahitaji mtu wa kuzungumza kwa niaba ya wote, na takwimu za kitaalamu za kuweka mezani.

Lakini soko la nje lina hatari ambayo hakuna tozo inayoweza kuikinga. China, iliyokuwa imekuwa mteja mkubwa kuliko wote nje ya Marekani, iliongeza ushuru mara mbili mwaka 2018 katika mvutano wa kibiashara kati ya nchi hizo. Ushuru wa cheri ulipanda kutoka asilimia 10 hadi 50 ndani ya miezi michache. Fedha ya matangazo iliyotumika kwa miaka kulijenga soko hilo haikuweza kurudishwa.

Utafiti hulipa kwa kuchelewa

Upande wa utafiti una tabia ya kinyume. Mlipaji husubiri mno, na wakati mwingine anayefaidi ni mwanawe.

Mfano mzuri ni aina ya Rainier, cheri ya manjano yenye wekundu shavuni, ambayo huuzwa kwa bei ya juu kuliko nyingi. Wataalamu wa kituo cha Prosser, Washington, waliichavusha kutoka aina za Bing na Van mwaka 1952, na ikatolewa kwa wakulima mwaka 1960. Ilichukua miaka 8 kabla ya mche wa kwanza kwenda kwa mkulima, na baada ya hapo mti wenyewe huhitaji miaka kadhaa kuzaa vizuri. Mtu anayetaka gawio la mwisho wa mwaka hawezi kuvumilia uwekezaji wa namna hiyo.

Adui naye hasubiri. Mwaka 2008 inzi mdogo wa asili ya Asia, aitwaye kitaalamu Drosophila suzukii, aligunduliwa California, na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika Washington na Oregon. Inzi wa kawaida wa matunda hutafuta tunda lililooza. Huyu hutoboa tunda linaloiva, likiwa bado mtini, na kutaga mayai ndani yake. Mzigo ukikutwa na funza kiwandani, unaweza kukataliwa wote.

Aidha kuna ugonjwa unaoitwa cheri ndogo, ambao katika miaka ya karibuni umewalazimu wakulima wa Washington na Oregon kung'oa miti mingi. Tunda la mti ulioambukizwa hubaki dogo, lisilo na rangi wala utamu, na halifai sokoni. Vijidudu vinavyosababisha hali hiyo huenezwa na wadudu wafyonzao utomvu, na mti ukishaugua hauna dawa. Kinachobaki ni kuutambua mapema na kuung'oa kabla haujaambukiza jirani zake. Namna ya kuutambua, na namna ya kuwazuia wadudu wanaoueneza, ni maswali yanayojibiwa na utafiti, na makato ya wakulima ni miongoni mwa fedha zinazolipia majibu hayo.

Ndiyo maana muundo wa mfuko uliopigiwa kura mwaka 2013 unastahili kuangaliwa. Fedha hazikukusudiwa kuliwa zote. Ziliwekwa kama mtaji usioguswa, na faida yake ndiyo inayolipia wataalamu wa kudumu, kazi ya kufikisha matokeo kwa wakulima, na mashamba ya majaribio. Makato yana mwisho, lakini mtaji unabaki.

Jambo hilo lina uzito katika biashara ambayo mapato ya tozo hupanda na kushuka na mavuno. Katika Jimbo la Michigan, ambalo ndilo kitovu cha cheri chachu za viwandani, wakulima walivuna zaidi ya ratili milioni 150 mwaka 2011. Mwaka uliofuata joto lilikuja mapema, miti ikachanua, kisha baridi kali ikaunguza maua. Mavuno yalianguka hadi karibu ratili milioni 12. Tozo inayokatwa kwa uzito huanguka pamoja na mavuno, tena katika mwaka ambao mkulima anahitaji majibu kuliko wakati wowote.

Matangazo yalipokwenda mbele ya utafiti

Michigan ina funzo jingine. Wakulima wa cheri chachu wana taasisi yao ya soko, Cherry Marketing Institute, iliyoanzishwa mwaka 1988. Mwaka 1999 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walichapisha matokeo ya maabara yaliyoonyesha kwamba rangi nyekundu ya cheri ina kemikali zinazoweza kupunguza uvimbe. Kwa muuzaji hiyo ilikuwa habari ya dhahabu.

Baadhi ya wauzaji walikwenda mbali mno. Oktoba 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizipelekea barua za onyo kampuni 29 zilizokuwa zikiuza bidhaa za cheri na matunda mengine, kwa madai kwamba bidhaa hizo hutibu au kuzuia magonjwa. Mamlaka ilisema kuwa madai ya namna hiyo yanaifanya bidhaa ihesabiwe kuwa dawa, na dawa haiuzwi bila kuidhinishwa.

Utafiti na matangazo ni mikono miwili ya mwili mmoja, na kila mmoja una mwendo wake. Matokeo ya maabara yanaweza kuchukua miaka kuthibitishwa kwa binadamu. Tangazo linataka kutoka kesho asubuhi.

Tatizo la wadandiaji nalo halikwisha. Mnunuzi aliyesikia kwamba cheri chachu ni nzuri haulizi imetoka nchi gani. Cheri chachu zilizokaushwa kutoka Uturuki ziliingia Marekani kwa bei ya chini, na mwaka 2019 wasindikaji wa ndani walifungua shauri wakidai kuumizwa. Januari 2020 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kwamba sekta ya ndani haikudhurika kisheria, na ushuru walioomba haukuwekwa.

Waliokataa walikwenda mahakamani

Wapo wakulima ambao hawakuridhika na kura peke yake. Hoja yao ilikuwa kwamba kumlazimisha mtu alipie tangazo asiloliamini ni kumlazimisha aseme asichotaka kusema.

Mahakama Kuu ya Marekani imelitazama suala hilo mara tatu kwa matokeo tofauti. Mwaka 1997, katika kesi ya wakulima wa matunda ya kokwa wa California, tozo ilipita. Mwaka 2001, katika kesi ya uyoga, tozo ilianguka. Mwaka 2005, katika kesi ya nyama ya ng'ombe, tozo ilipita tena, kwa maelezo kwamba ujumbe unaosimamiwa na serikali ni ujumbe wa serikali.

Kesi iliyowagusa kwa karibu wakulima wa Washington ilikuwa ya jirani zao wa tufaha. Mwaka 2003 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba makato ya lazima ya Tume ya Tufaha ya jimbo hilo yanavunja katiba. Tume ilipunguza wafanyakazi wengi na kuacha matangazo ya ndani ya nchi, ikabaki na kazi ya masoko ya nje. Chombo kilichojengwa kwa miongo kadhaa kilipungua kiasi hicho katika mwaka mmoja.

Makato ya nyumbani

Mkulima na mfanyabiashara wa Tanzania hawahitaji kufundishwa maana ya makato. Kahawa ina mfano unaokaribia ule wa cheri. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao Lyamungu karibu na Moshi, iliundwa mwaka 2000 kama kampuni isiyogawa faida, na kuanza kazi mwaka 2001. Inamilikiwa na wadau wa zao lenyewe na hutegemea, pamoja na misaada, makato katika mauzo ya kahawa. Imetoa aina za miche inayostahimili chule buni na kutu ya majani, magonjwa ambayo mkulima mdogo hana uwezo wa kuyapulizia dawa msimu mzima.

Korosho ina historia tofauti. Kwa miaka kadhaa asilimia 65 ya tozo ya korosho ghafi zinazosafirishwa nje ilirudi kwenye sekta, kwa ajili ya pembejeo, utafiti na maendeleo ya zao. Mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria, na fedha zote zikaelekezwa Hazina. Aliyekatwa hakuona mabadiliko yoyote katika kiwango alichokatwa. Kilichobadilika ni mahali fedha zilipokwenda.

Vya kuangalia kabla ya kuweka fedha

Kwa mfanyabiashara anayenunua zao, au mwekezaji anayefikiria kuingia katika usindikaji, tozo isichukuliwe kuwa gharama tu. Ni ishara ya afya ya sekta. Kisa cha cheri kinatoa maswali manne ya kuuliza.

Kwanza, nani anaamua kiwango? Tozo iliyopigiwa kura na walipaji inaweza kukataliwa leo na kukubaliwa kesho kutwa, kama ilivyokuwa kati ya 2011 na 2013. Tozo iliyoshushwa kutoka juu inaweza pia kuondolewa kutoka juu.

Pili, fedha inalala wapi? Mfuko wenye akaunti yake na walipaji kwenye bodi yake hauko sawa na fungu lililo ndani ya bajeti ya serikali.

Tatu, inagawanywaje? Sekta inayotumia karibu yote kwa matangazo itauza vizuri hadi ugonjwa mpya utakapoingia. Inayotumia yote kwa utafiti itakuwa na miche bora isiyo na mnunuzi.

Nne, mwaka wa mavuno mabaya unakuwaje? Pasipo akiba wala mtaji wa kudumu, utafiti husimama siku ileile ambayo tatizo limeanza.

Mkulima wa cheri anayevuna tani 100 kwa mwaka alikubali, kwa kura ya 2013, kuachia dola 400 kila mwaka. Kwa fedha hizo angeweza kununua vifaa vya shambani vya kuonekana kwa macho. Badala yake alinunua sehemu ndogo sana ya mshahara wa mtaalamu ambaye huenda hatakutana naye kamwe. Kama ununuzi huo ulikuwa wa busara, miti inayong'olewa leo kwa ajili ya cheri ndogo, na ile itakayopandwa mahali pake, ndiyo itakayotoa hesabu.